Dada anataka tukatembee kwenye vilima vya chaki Uingereza, nijiandaeje nikiwa hapa Dar?

Segerea Mwisho

Habari za jioni wadau. Naombeni mawazo, haya mambo sina uzoefu nayo hata kidogo. Dada yangu yuko Watford huko Uingereza mwaka wa nane sasa, mwezi wa tano naenda kumtembelea wiki tatu, viza imeshatoka namshukuru Mungu. Mi nilijua tutaenda kuona daraja la London, uwanja wa mpira, tunapiga picha basi tunarudi kula. Sasa juzi ananipigia ananiambia jumamosi ya kwanza tu tunaenda kutembea kwa miguu kilomita kumi na nane kwenye vilima vya chaki. Nikamuuliza chaki ipi, ya ubaoni? Anasema ndiyo hiyo hiyo, kilima kizima ni chaki, halafu mnaingia msitu wa zamani, halafu mnamalizia kwenye mabwawa. Nikamuuliza tunaenda kufanya nini huko? Akasema kutembea. Nikasema sawa kutembea, lakini kufanya nini? Akakata simu.

Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, kazi ya kukaa, safari yangu ndefu ya mguu ni kutoka kituo cha mwendokasi mpaka dukani. Miaka 41, kilo 94, sifichi. Maswali yangu: hivyo vilima ni virefu? Viatu gani? Hizo njia anasema zinapita kwenye mashamba ya watu, hawatufukuzi? Na hapa Dar nifanyie wapi mazoezi maana Segerea ni tambarare na vumbi tu. Kwenye familia yetu wanaume ndo tunajifanya wagumu, sitaki niaibike mbele ya watoto wake.

mchokozi_halali

Yaani mtu anakata tiketi ya ndege akatembee kwa miguu 😂 Si angekuja Gongo la Mboto mvua ikinyesha, tunatembea bure na matope tunampa.

Mtembezi Mzembe

Mkuu Segerea usimsikilize huyo. Nimesoma huko Reading mwaka mmoja na nusu, wikiendi sikuwa na hela ya kwenda popote kwa hiyo nilikuwa natembea, na hivyo vilima nimevikanyaga sana. Kama dada yuko Watford basi nahisi anakupeleka upande wa Tring, mnapanda treni pale Watford Junction hazizidi nusu saa mnashuka, na ukishatoka stesheni njia inaanza hapo hapo, huhitaji gari. Hiyo njia inaitwa Ridgeway, ni ndefu kilomita 139, inaanzia kule Overton Hill karibu na Avebury inaishia kwenye kilima kinaitwa Ivinghoe Beacon, nyie mtafanya kipande cha mwisho tu. Wenyewe wanaiita barabara ya zamani kuliko zote Uingereza, watu wameipita maelfu ya miaka na mifugo yao kwa sababu juu ya chaki ni pakavu na bondeni zamani palikuwa msitu na tope.

Sasa urefu. Usicheke. Hicho Ivinghoe Beacon kina mita 233. Kilima kirefu kuliko vyote kwenye safu hiyo ya Chilterns ni mita 267, na juu yake ni msitu tu, kilele chenyewe huwezi hata kukiona mpaka uonyeshwe. Lupanga hapo Morogoro ni mita 2,138. Kwa hiyo mimi nilienda mara ya kwanza na raba za kuchezea mpira na dharau zangu za kibongo, nikasema hili tuta ndo mnaliita mlima? Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nataka uelewe kitu kimoja kuhusu chaki, ikiwa kavu ni kama sakafu, ikilowa ni sabuni ya mche ulioisahau kwenye beseni. Wakati wa kupanda nilikuwa vizuri. Wakati wa kushuka mguu wa kulia ukaenda, wa kushoto ukaufuata, nikateremka kwa makalio kama mita kumi mbele ya mama mmoja mzee kabisa mwenye fimbo mbili, ambaye alinisubiri nifike chini akaniuliza kwa upole kama nipo sawa, halafu akanipita. Suruali nyuma nyeupe pe kama nimekalia unga.

Kwa hiyo urefu usikutishe, kinachokumaliza ni umbali na utelezi. Na siyo mlima mmoja unapanda unashuka umemaliza, ni kupanda kidogo, kushuka kidogo, kupanda tena, siku nzima, magoti ndo yanalipa.

Kuhusu mashamba, hapo ndo patakushangaza kuliko vyote. Njia zinapita katikati ya shamba la mtu kweli na ni haki yako kisheria kupita, siyo kwamba mwenye shamba amekuwa mwema. Mkulima akilima akaifuta njia anatakiwa airudishe. Unakuta ngano imeota huku na huku halafu katikati kuna mstari umenyooka upana wa mtu mmoja unakatiza mpaka upande wa pili. Mimi siku ya kwanza nilisimama pale mwanzo wa shamba karibu dakika tano nasubiri mtu anipigie kelele "wewe unaenda wapi". Nimekulia Kigamboni, ukikatiza kiwanja cha mtu unaanza kupiga hodi ukiwa mbali. Pale hakuna wa kumpigia hodi. Unaangalia mshale kwenye nguzo: wa njano ni njia ya miguu tu, wa buluu hata farasi na baiskeli wanapita, na hizi njia kubwa za taifa kama Ridgeway zina alama ya tunda la mwaloni. Ukikaa kwenye mstari uko salama, ukianza kujitengenezea njia yako ya mkato ndo unakuwa mwizi wa ngano.

MamaZai

Mdogo wangu Segerea hongera kwa viza. Nimeishi Luton miaka sita kabla sijarudi, ni jirani na huko, watoto wangu walikuwa wananiburuza kila jumapili. Nikuongezee ambayo wanaume hawasemi.

Mbwa. Kule kila mtu anatembea na mbwa na wengi hawafungwi kamba, atakuja mbio anakurukia na miguu ya tope halafu mwenyewe kule mbali anapaza sauti kwamba "ni rafiki huyo". Mimi siyo rafiki yake! Simama, usikimbie, mikono weka kifuani, muite mwenye mbwa. Nilikuwa nabeba kanga ya ziada kwenye begi kwa ajili hiyo hiyo. Kuna maeneo ya wazi ambayo kuanzia tarehe 1 machi mpaka mwisho wa julai mbwa lazima awe kwenye kamba fupi kwa ajili ya ndege wanaotaga chini, mkienda mwezi wa tano mtabahatika kidogo.

Ng'ombe. Utapita kwenye malisho na ng'ombe wako humo humo. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake, zunguka, hata kama mstari unapita hapo. Na geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Kuna vigeti vidogo vimetengenezwa kama mtego, unaingia, unajibana pembeni, unalisukuma linakuja upande wako ndo unatoka, ng'ombe hawezi hiyo akili. Kwa kilo 94 begi livue kwanza ulishike mkononi (sikutanii, mume wangu alikwama).

Majani. Kuna majani ya kijani ya kawaida kabisa pembezoni mwa njia yanawasha kama upupu, kwa hiyo suruali ndefu, usivae kaptula kwa sababu umesikia ni joto. Na kupe wapo, wanaleta ugonjwa, ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti na kiunoni.

Jua. Mwezi wa tano karibu saa tatu usiku bado kuna mwanga, usiogope kuchelewa. Ila ungeenda desemba saa kumi jioni giza limeingia na wewe bado msituni.

Chakula mbebe. Chapati, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa. Huko njiani hakuna genge wala mama ntilie, kuna baa za vijijini tu na bei zake utakuta umenunua chipsi kwa hela ya kuku mzima wa kienyeji.

Segerea Mwisho

Dah asanteni sana. Dada MamaZai hiyo ya geti imenigusa 😅 Mtembezi umenitisha na umenitia moyo kwa mpigo. Sasa hayo mabwawa ni ya asili au? Na huo msitu wa zamani, zamani ya lini? Na bado sijajibiwa mazoezi nifanyie wapi.

Mtembezi Mzembe

Mabwawa ya Tring ni ya kuchimbwa mkuu, ila yana zaidi ya miaka mia mbili kwa hiyo yamezoea kujifanya asili. Kisa chake ni kizuri. Kuna mfereji mkubwa unatoka London kwenda kaskazini, enzi hizo kabla ya treni mizigo ilikuwa inaenda kwa boti zinavutwa na farasi. Sasa mfereji ukifika kwenye vilima inabidi upande, boti inaingia kwenye chumba cha maji, wanafunga mlango nyuma, maji yanajaa, boti inainuka, wanafungua mlango wa mbele inaendelea. Kila boti inayopita inashusha maji kibao kutoka juu kwenda chini, na juu pale ni chaki, hakuna mto. Ndo wakachimba mabwawa ya kuujazia mfereji pale kileleni. Mpaka leo kazi ni hiyo hiyo, isipokuwa sasa boti ni za watalii na ukingoni wamejaa wazee na darubini wanaangalia mabata. Pale ndo tambarare, dada yako ana akili kuweka mwisho, mtakuwa hoi.

Msitu wa zamani, wao kwa Uingereza ukisikia hilo jina ni msitu ambao umekuwepo mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla. Imebaki kama asilimia 2.5 tu ya nchi. Kule Chilterns miti mingi wanaiita bichi, tafadhali siyo bichi ya Coco, ni mti mrefu gome lake laini la kijivu kama ngozi ya tembo aliyeoga. Miti hiyo ndo ilikuwa inatengeneza miguu ya viti, mafundi walikuwa wanahamia msituni na mashine ya kuchongea ya kukanyaga kwa mguu wanachonga hapo hapo mti ulipoangushwa, wanapeleka miguu tu High Wycombe kiti kinaunganishwa kule. Ukifika mapema mwezi wa tano chini ya miti kunakuwa na maua ya buluu, yaani siyo ua moja moja, sakafu nzima ya msitu ni buluu mpaka macho yanagoma. Yanachanua mapema hivyo kwa sababu majani ya juu yakishafunga jua halifiki chini. Ukienda mwishoni mwa mwezi utakuta yameshachoka.

Halafu angalia juu. Utaona mwewe wakubwa wekundu mkia umegawanyika, wanaelea tu. Hao Uingereza waliwaua wakaisha, wakaja kuwaleta upya kutoka Hispania kuanzia 1989, na wakawaachia hapo hapo Chilterns. Sasa wamekuwa wengi mpaka wanaiba mikate kwenye bustani za watu, hapo utajisikia upo nyumbani.

mchokozi_halali

Kwa hiyo hata mwewe wameagiza nje 😂😂 haya endeleeni, mi nasoma tu.

Kisarawe Damu

Mazoezi nenda Pugu bwana Segerea, unahangaika nini na uko Segerea? Panda gari mpaka Gongo la Mboto, unganisha za Kisarawe, pale kwenye msitu wa Pugu unalipia getini unapewa mtu wa kukuongoza. Una kila kitu alichokutajia dada yako. Vilima vipo, msitu wa pwani wa zamani kuliko huo wa 1600, bwawa la Minaki lipo, na cheupe chini ya miguu kipo, si tuna kaolini yetu! Mapango yale yanayojaa popo yalichimbwa kutafuta huo udongo mweupe. Kaa mpaka magharibi uone popo wanavyotoka, utadhani moshi wa tanuri la mkaa.

Na mwezi huu wa nne ni masika, tope lake hilo ndo mazoezi yenyewe. Anza masaa mawili, wiki ijayo manne, beba begi lenye chupa nne za maji mgongoni ili uzoee uzito.

Ila usiende na hivi vikundi vya kulipia hovyo. Kuna kimoja jina silitaji kilitukusanyia elfu hamsini hamsini mwaka juzi, tukaambiwa maji na msosi vipo, kufika msituni maji katoni moja watu thelathini, na mwongozaji wao mwenyewe akapotea. Tulitolewa na mtoto wa pale kijijini amebeba kuni. Yeye tukampa elfu mbili.

Udongo na Mawe

Samahani naingilia kidogo maana nimeona chaki na kaolini vinawekwa kapu moja, na mi kazi yangu ndo hiyo hiyo ya mawe. Weupe tu ndo unafanana. Kaolini ya Pugu ni udongo, umetokana na madini ya kwenye mawe yaliyooza taratibu kwa maji na joto, ndo unatengenezea vyombo vya kauri na kuchanganyia kwenye rangi na karatasi. Chaki ya Uingereza ni bahari. Ni vigamba vya viumbe vidogo sana ambavyo kwa macho huvioni, walikuwa wanaelea baharini enzi za dinosaria, wakifa wanazama, vigamba vinarundikana chini miaka na miaka mpaka unapata mwamba wa mamia ya mita, halafu ardhi ikainuka. Kwa hiyo dada yako anapokuambia kilima kizima ni chaki hakosei, utakuwa unatembea juu ya sakafu ya bahari.

Ndiyo maana Mtembezi anasema juu hakuna mto. Chaki ni kama sponji, mvua inazama inaenda kutokea chini bondeni kama chemchemi. Na humo ndani utakutana na mawe magumu meusi yenye ganda jeupe kama mifupa ya ng'ombe, hayo ni gumegume, watu wa kale walikuwa wanayapasua kupata visu. Makali yake yanachana kiatu, angalia.

Na chaki ya darasani siku hizi nyingi siyo chaki hata, ni jasi.

Namna ya kutofautisha ni rahisi na huhitaji maabara. Kamulia ndimu. Chaki itatoa mapovu itachemka kidogo, kaolini itakaa kimya tu inakuangalia.

MamaZai

Huyu wa mawe kanikumbusha. Segerea mkifika juu pale Ivinghoe mwambie dada akuonyeshe simba. Upande wa pili kwenye kilima cha Whipsnade kuna simba mweupe amechorwa, urefu mita 147, walichofanya ni kubandua nyasi tu chaki ikatokea. Ni tangazo la zuu lililopo pale juu, la mwaka 1933. Wakati wa vita ya pili ya dunia wakamfunika ili ndege za Wajerumani zisimtumie kama alama. Wanangu walikuwa wakimuona wanapiga kelele "simba! simba!" na wazungu wote wanajua neno hilo kwa sababu ya katuni.

Kwa kina Mtembezi huko kuna farasi naye, wa Uffington.

Mtembezi Mzembe

Yule ndo baba lao dada, ana kama miaka elfu tatu! Mita 110. Na hajafutika kwa sababu watu wamekuwa wakimsafisha vizazi na vizazi, ukiacha miaka michache tu nyasi zinammeza. Niliwahi kuwakuta watu wamepiga magoti na nyundo wanaponda chaki mpya kwenye mgongo wake, mmoja akanipa nyundo. Nimepiga kama dakika kumi, mkono ukauma, nikasema na mimi basi nimeacha kitu Uingereza.

Segerea suala la viatu, buti yenye meno, inayoshika kifundo. Usinunue ukaivalie huko huko siku hiyo, ivae kuanzia sasa.

fundi_wa_mbagala

Napinga. Raba nzuri yenye meno inatosha, buti nzito kwa mtu wa kilo 94 unamuongezea mzigo. Nimepanda Morningside Morogoro na raba mara tatu.

Mtembezi Mzembe

Morningside ilikuwa kavu au imelowa?

fundi_wa_mbagala

Kavu.

Mtembezi Mzembe

Haya.

Segerea Mwisho

Wadau narudi kutoa mrejesho. Nimeenda Pugu jumapili mbili. Ya kwanza nilikufa, saa moja na nusu tu nimekaa chini kwenye gogo namuuliza yule mwongozaji hivi bodaboda haziingii huku. Ya pili nimetembea masaa matatu na nusu, nimeteleza mara moja tu na nilijishika. Kwenye mapango nilichungulia nikatoka, harufu ya popo siyo ya mchezo. Mke wangu anasema nakoroma kidogo siku hizi, sijui kama inahusiana.

Viatu: nimeenda Karume jana alfajiri bale zikifunguliwa, nimepata buti namba 44 ya ngozi, mtumba, soli yenye meno kabisa, jamaa alianzia elfu sitini nikamtoa kwa thelathini na tano. Nimefika nayo nyumbani nataka kuisafisha nakuta kwenye yale meno ya soli ya kushoto kuna tope limekaukia, jeupe. Nikamkumbuka huyu mtu wa mawe. Nikaenda jikoni nikachukua ndimu nikakamulia.

Imetoa mapovu aisee. Nimemuita mke wangu aje aone, anasema nimechanganyikiwa. Buti imenitangulia kufika. Sijalitoa lile tope lililobaki, nitaenda nalo hivyo hivyo.